Breki za Mawese

Pedeli ya breki ilizama mpaka sakafuni, na Haruna akacheka. Si kwamba palikuwa na la kuchekesha. Mdomo wake ulikuwa na tabia ya kutangulia, kichwa kikafuata baadaye. Akakanyaga mara ya pili, akakanyaga mara ya tatu. Ilikuwa kama kukanyaga maji. Land Rover ilikuwa imeinamisha pua kwenye mteremko mwekundu uliolowa mvua, na chini huko, kama hatua mia mbili, njia ilikata kona ghafla. Mbele ya kona palikuwa na hewa tupu.

"Vipi?" akauliza Anatoli, aliyekaa kando yake.

"Shika kitu. Chochote, ila usinishike mimi."

Gia ndogo ya nguvu, iliyokuwa ikilizuia gari mpaka hapo, ikalia paa! ikaruka nje. Sasa gari likajua kwamba liko huru. Haruna akaidaka handbreki kwa mikono miwili. Katika Land Rover za zamani handbreki haishiki magurudumu. Inabana mhimili nyuma ya gia, nayo imetengenezwa kulishika gari lililosimama, si lililochachamaa. Ilibana, moshi ukapenya chini ya viti, kitu kikakatika, na mkono wa handbreki ukawa mwepesi kama mwiko.

Kulia korongo, kushoto ukingo wa udongo. Haruna akachagua udongo. Ubavu wa gari ukasugua ukingo, ukachimba mizizi na mawe kwa mlio wa sufuria mia zinazoburutwa, kisha bampa likajikita kwenye kisiki na kila kitu kikanyamaza.

"Haruna!" Sauti ya Leonia, muuguzi, ikatoka nyuma. "Umeshatuua?"

"Bado, sista. Mgonjwa?"

"Anapumua. Chupa ya dripu imepasuka. Imebaki moja."

Haruna akaitoa mikono yake kwenye usukani kidole kimoja kimoja, maana ilikataa kutoka yote kwa pamoja.

Ilikuwa Machi 1997, mwaka ambao Kigoma ilijaa watu waliokimbia kutoka Burundi na Zaire mpaka miti ya kuni ikaanza kuhesabika. Alfajiri hiyo, kutoka kambi ya muda kule milimani, walimpakia Mwalimu Gervasi, mkimbizi wa Burundi mwenye miaka sitini na kidogo. Alikuwa na ngiri aliyoishi nayo miaka kumi kama mgeni asiyeaga. Usiku ule ngiri ilitoka na haikurudi. Ikawa ngumu kama embe bichi, naye akaanza kutapika. Leonia aliigusa mara moja tu, akasema: "Utumbo umejinyonga. Akifika kwa daktari wa upasuaji leo, atapona. Kesho tutapeleka maiti."

Gari zuri lilikuwa limekwenda na wakubwa wa shirika lililohudumia kambi, likaenda pia na redio. Likabaki hili kuukuu, na Haruna. Barabara kuu waliikuta imekatwa; mto ulikuwa umebeba daraja. Haruna akageuza akaingia njia ya wakata mbao, iliyoteremka kupitia msitu wa miombo kuelekea Mwandiga, na ambayo hakuna gari lililoipita kwa miaka miwili. Anatoli, mkwe wa Gervasi, alikaa mbele. Kwao mkwe hakai mahali atakapouona uchi wa baba mkwe, na ngiri haikai mkononi.

Njia nzima Haruna alimtania. Alikuwa Mmanyema wa Ujiji, mtoto wa mjini, na alipoambiwa kwamba Anatoli hutengeneza baiskeli kambini, basi ikawa "fundi pedali" hivi na "fundi pedali" vile. Anatoli alitabasamu tu akitazama njia.

Sasa walikuwa wamesimama wote wawili nyuma ya gari, mawe yakiwa yameshachomekwa chini ya matairi. Saa nne asubuhi. Kulia, mbali sana, kati ya vilima viwili, ziwa lilionekana kama kipande cha bati.

"Mwandiga ni umbali gani?" Leonia akauliza. Alikuwa Muha wa Simbo, mfupi, na alivaa gamboti kubwa kuliko miguu yake.

"Kilomita kumi na nane. Nane za kwanza zote ni mteremko."

"Tukimbeba?"

Haruna akawatazama. Wabebaji watatu, machela moja, matope. "Tutafika kesho mchana."

"Kesho hatuna," akasema Leonia, akarudi kwa mgonjwa.

Anatoli alikuwa ameshainama chini ya gari. Aliomba jeki. Aliomba spana ya magurudumu. Hakuomba ruhusa. Waliondoa gurudumu la nyuma kulia, akaligonga dramu, lile bakuli la chuma linalofunika breki, kwa nyundo pande zote mpaka likachomoka, na ndani yake kukatiririka kitu chekundu, kizito, kinachong'aa. Kilikuwa kimezilowesha breki shuu zote mbili, zile kwato zenye utando wa kushikia.

Anatoli akachovya kidole. Akanusa. Halafu, mbele ya macho ya Haruna, akalamba.

"Mawese," akasema. "Na ni mazuri."

Leonia akachungulia kutoka nyuma ya gari.

"Haruna. Umetia mawese kwenye breki?"

"Sista, sikiliza..."

"Umetia au hukutia?"

"Mafuta ya breki hayapo mjini. Haya malori ya wakimbizi yameyamaliza yote. Karani wa stoo kaniambia nisubiri wiki mbili, na mafuta chomboni yalikuwa yamepungua. Nikasema, mafuta ni mafuta." Akajaribu kucheka. "Mawese yanapika, yanawasha taa, yanapakwa nywele..."

"Mipira ya breki haili mawese," Anatoli akasema, bila hasira, kama mtu anayesoma tangazo. "Inavimba, inalegea, inapasuka. Tazama." Akachomoa silinda ndogo ya gurudumu, akaonyesha mpira uliokuwa umekuwa ute. "Na asubuhi kule juu kuna baridi. Yaliganda. Pedeli ilikuwa ngumu?"

"Kama jiwe. Nikasema leo breki nzuri."

Nyuma ya gari Mwalimu Gervasi aliguna, mguno mrefu usio na neno ndani yake. Haruna akatafuta utani wa kuuweka juu ya mguno ule, ufunikwe. Hakupata. Miaka yote aliyopigwa na dunia, na dunia ilimpiga vizuri, hakuwahi kukosa la kusema. Mtu yule alikuwa akifa kwa sababu ya kijiko cha mafuta ya mboga.

"Tukitia oili ya injini?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Mipira haipo. Hata ukitia maji ya baraka." Anatoli akajipangusa mikono kwa majani, akatazama juu walikotoka. "Lile tela. Kona ya pili. Uliliona?"

Haruna aliliona: tela la trekta la wakata mbao, limelala ubavu kwenye magugu. "Limekwisha lile. Hata matairi wameiba."

"Wameacha breki. Breki za tela hazina mafuta, zinavutwa kwa waya. Mimi kwetu nilikuwa kiwanda cha chai. Matela kumi na moja, miaka kumi na minne." Akatulia kidogo. "Baiskeli nimejifunza kambini."

Haruna akabeba msumeno wa chuma, nyundo na spana zote, akatangulia kupanda bila kuitwa.

Tela lilikuwa limemezwa na mimea ya kutambaa na kutu. Anatoli alionyesha anachotaka: katika kila gurudumu, chuma kilichojipinda mwishoni kama herufi S, na mkono wa chuma wa kukizungusha. Ukiuvuta mkono, S inageuka na kuzisukuma kwato mbili zitanuke mpaka zibane dramu. Hakuna mpira, hakuna mafuta. Mwanadamu anavuta, gari linasimama.

Kuchomoa ndiko kulikokuwa kazi. Nati zilikuwa zimeshikana na kutu mpaka zikawa mti mmoja na shina. Walikuwa na bledi mbili za msumeno. Ya kwanza ikakatika mikononi mwa Haruna, dakika ya kumi.

"Usikimbilie," Anatoli akasema. "Chuma hakijui kama una haraka."

Walipokezana. Mmoja anakata, mwingine anagonga kwa jiwe. Jua likawaka baada ya mvua, na mbung'o wakawagundua. Kufikia saa saba walikuwa na herufi S mbili, mikono yake miwili, kapi moja la chuma na waya mrefu wa kuburutia magogo. Wakavibeba mabegani wakateremka.

Leonia alikuwa ameitundika dripu ya mwisho kwenye fremu ya turubai. Mwalimu Gervasi, uso wake rangi ya majivu, alimtazama Haruna akipita.

"Dereva. Maji."

Haruna akaligeukia dumu la lita tano.

"Hata tone," akasema Leonia. "Akinywa anatapika, akitapika anakufa." Akalowesha pamba, akampaka midomo. "Nyinyi kunyweni, vikombe viwili kila mmoja. Mnatoka jasho."

Haruna akanywa kimoja. Cha pili akakirudisha.

Palipokuwa na silinda ya mafuta palibaki tundu kwenye bamba la gurudumu. Anatoli akalipanua kwa tupa, akapitisha chuma cha S, akakishikiza kwa kipande cha bomba na boliti za silinda yenyewe. Upande wa pili hivyo hivyo. Lakini zile kwato za breki zilikuwa zimelewa mawese. Zingeteleza kama sabuni. Zilisuguliwa kwa majivu na petroli, na bado ziling'aa.

"Tuzichome," Anatoli akasema.

Wakawasha moto wa kuni kavu walizozipata chini ya mwamba, wakazipanga kwato nne juu ya mawe matatu. Mafuta yakaanza kutoka yakichemka, na harufu ya maandazi ikajaa msituni.

"Yakiiva mniite," Leonia akapaza sauti kutoka garini.

Haruna akacheka, kicheko cha kweli safari hii, kikamtoka na machozi. Anatoli hakuuliza machozi yalikuwa ya nini. Moshi ulikuwepo.

Waya mbili, mmoja kutoka kila gurudumu, zilikutana kwenye kapi chini ya gari, ili mvuto ugawanyike sawa na gari lisipinde upande. Kutoka kwenye kapi waya mmoja ulipanda juu kupitia sakafuni. Hapakuwa na haja ya kutoboa. Kutu ilishatoboa siku nyingi. Ukafungwa kwenye nguzo ya mti mbichi, nene kama mkono wa mtu mzima, iliyoegemezwa kwenye chuma cha kiti ili iwe wenzo. Watu wawili wakiivuta nguzo, magurudumu ya nyuma yanashikwa.

"Watu gani wawili?" Leonia akauliza, ingawa jibu alilijua.

"Wewe na mimi," Anatoli akasema. Kisha akakumbuka, akainamisha macho. "Lakini baba mkwe yuko humo."

Sauti ya Gervasi ikatoka ndani, nyembamba lakini ya mwalimu bado: "Anatoli. Ingia. Nitafumba macho mimi."

Saa kumi kasoro robo waliliondoa bampa kwenye kisiki kwa jeki, wakachomoa mawe.

Mteremko wa kwanza haukuwa mkali. Haruna aliiweka gia ndogo, akaifunga kwa kipande cha mpira wa tairi isiruke, akaachia gari litambae. "Kazeni!" akapiga kelele. Gari likaongeza mwendo. "Kazeni! Bana! Bana, jamani!"

Nguzo ikavutwa, ikashika ghafla, na gari likasimama kwa mshtuko uliomgonga Gervasi ubavuni akapiga yowe.

"Haruna, unasema maneno manne kwa jambo moja!" Leonia akafoka. "Bana, kaza... Mwenzio anatafsiri kwanza ndipo anavuta! Sema Kiha. Na Kirundi ni kile kile."

"Mimi? Kiha?"

"Kuvuta ni *kwega*. Kuachia ni *rekura*. Maneno mawili. Hata kasuku angeweza."

Haruna, ambaye miaka hamsini alikuwa akiigiza lafudhi ya Waha barazani ili watu wacheke, akameza mate. "Kwega," akasema. Nguzo ikavutwa, taratibu. "Rekura." Ikaachiwa. Gari likatii kama ng'ombe aliyesikia jina lake.

Hivyo ndivyo walivyoteremka. *Kwega. Rekura. Kwega, kwega. Rekura.* Kona baada ya kona, tairi moja mara nyingine ikisukuma mawe yaliyochukua muda mrefu kabla ya kusikika chini. Haruna hakutazama korongo. Alitazama hatua kumi mbele ya bampa, na hatua kumi baada ya hizo. Baada ya kilomita tatu madramu yalianza kutoa moshi. Akasimama palipo tambarare, akachukua dumu.

"Usimwagie maji!" Anatoli akaruka chini. "Dramu litapasuka. Ngoja lipoe lenyewe."

"Mgonjwa hawezi kungoja."

"Dramu likipasuka, hatutakuwa na mgonjwa wala dereva."

Walingoja dakika ishirini. Zilikuwa ndefu kuliko mchana wote. Leonia alihesabu mapigo ya Gervasi, akahesabu tena. Dripu ikaisha. Akaichomoa, akaiweka mfukoni mwa koti.

Mteremko wa mwisho, kabla ya kijito na mashamba, ulikuwa mbaya kuliko yote: mfupi, umesimama wima, mvua imeuchonga katikati. Walikuwa nusu yake, "kwega" iko hewani, nguzo ikalia kaa! ikakatika.

Gari likaanza kukimbia. Haruna alisikia, hakuona. Alisikia nguzo ikianguka, alisikia Anatoli akijitupa sakafuni, na Leonia akiguna kwa kishindo kama mtu anayenyanyua gunia. Waliushika waya wenyewe. Anatoli alikita miguu kwenye mlango wa nyuma, mgongo wake umeegemea mapaja ya baba mkwe wake, nguo iko wapi hakuna aliyejali. Leonia alikuwa ameuzungushia waya khanga na mikono juu yake.

"Kwega!" Haruna akaita, na sauti yake ikapasuka. "Kwega, sista! Kwega, kaka! Kweeega!"

Na kutoka sakafuni mtu wa tatu akajibu kwa kuvuta: Mwalimu Gervasi, aliyekatazwa hata kukohoa, alikuwa ameushika mwisho wa waya.

Magurudumu ya nyuma yakaganda. Gari likateleza zima zima juu ya tope, likaingia kijitoni, maji yakaruka juu ya boneti, likatulia. Mwanamke aliyekuwa akifua ng'ambo aliwatazama, akawaambia kwa utulivu kabisa kwamba pale si mahali pa kuoshea magari.

Kutoka hapo njia ilikuwa tambarare. Mwandiga, kisha Gungu, ambako watu waliacha biashara zao kutazama Land Rover iliyokwaruzwa upande mmoja kama samaki aliyeparuliwa, ikiendeshwa na mtu anayepiga kelele za Kiha dirishani kila akiona mbuzi. Saa kumi na mbili na nusu waliingia uwanja wa hospitali ya Kigoma. Haruna hakutumia breki. Aliliacha gari lipande kichuguu cha mchanga wa ujenzi na kufa hapo.

Gervasi aliingizwa chumba cha upasuaji kabla taa za kibarazani hazijawashwa. Wao watatu walikaa kwenye benchi. Viganja vya Leonia vilikuwa vimechunwa na waya, nesi mwenziye alivisafisha na kuvifunga bendeji mpaka vikawa kama ngumi za bondia.

Daktari akatoka akiwa na kofia mkononi. "Tumekata kipande cha utumbo, kama shibiri. Kingine kilikuwa kinaanza kugeuka rangi. Mngechelewa saa moja zaidi, ningekuwa nazungumza mengine." Akawatazama mmoja mmoja. "Atapona. Ni mgumu yule mzee."

Anatoli akainamisha kichwa mpaka kikagusa magoti, akakaa hivyo.

Karani wa mapokezi akaja na fomu ya rufaa, akampa Leonia. Leonia akainua ngumi zake mbili za bendeji.

"Niandikie wewe, Haruna."

Haruna akaichukua kalamu. Jina la mgonjwa. Kambi. Muda wa kuondoka, muda wa kufika. Aliandika kwa herufi kubwa kama mtoto, maana mikono bado ilikuwa na kilomita nane ndani yake. Akafika kwenye mstari wa *Sababu ya kuchelewa*.

"Andika daraja," Leonia akasema polepole, bila kumtazama. "Daraja lilibebwa kweli. Nani atauliza zaidi? Una watoto sita."

Ilikuwa kweli. Na shirika lilikuwa limefukuza madereva kwa makosa madogo kuliko hilo. Haruna aliitazama nafasi tupu ile, nyembamba, ya kutosha neno moja au mawili. Akamgeukia Anatoli.

"Kaka, wewe ungeandika nini?"

"Mimi sijui kuandika Kiswahili vizuri," Anatoli akasema. "Lakini kuna dereva mwingine ambaye na yeye hana mafuta ya breki wiki hii."

Haruna akaandika. Ilichukua muda. Karani akaipokea fomu, akaisoma, akakunja uso, akasoma tena kwa sauti, akidhani labda mwandiko ndio uliomdanganya:

"*Dereva alitia mawese kwenye breki. Dereva ni mimi.*"